Kiti Kitupu cha Koroneti

Sindano ya kwanza Mama Nakhumicha aliikosa Jumamosi jioni. Ya pili na ya tatu akazikosa Jumapili, asubuhi na jioni. Ya nne ilipita saa moja asubuhi hii ya Jumatatu, na kila Sajini Naeku Katoo alipoitazama saa ya ukutani pale ofisini Kitengela, alihesabu sindano kabla ya kuhesabu saa. Dawa yenyewe ilikuwa kwenye friji, nyumbani kwa mama huyo, mtaa wa Noonkopir, imepangwa kwenye mlango kando ya mayai. Naeku aliiona kwa macho yake. Mgonjwa wa sukari wa miaka sitini na tano hatoki kwake kwa hiari akaacha dawa kando ya mayai.

Bintiye, Immaculate, ndiye aliyeleta habari Jumapili asubuhi. Yeye na mumewe Roy Ojwang wanakaa Nkoroi, upande wa Rongai. Mama alikaa peke yake Kitengela, maana mama mkwe halali kwa mkwe wake, na hilo halina mjadala kwa Wabukusu wala kwa Wajaluo. Jumamosi mama alikuwa ametoka na akina mama wa kanisa, ishirini na wanne kwa magari mawili, kwenda Nairobi kutembelea kumbi za zamani za michezo ya kuigiza. Asubuhi walionyeshwa ukumbi mmoja uliojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, wakapiga picha mpaka wakachoka. Saa nane mchana wakaingia Ukumbi wa Koroneti, jengo la karibu miaka mia, kutazama mchezo uitwao *Wosia wa Kibogoyo*. Jioni magari yakarudi. Mama Nakhumicha hakuonekana tena, na kila aliyeulizwa alidhani yuko kwa lile gari lingine.

Inspekta Muthama, mkuu wa Naeku, alikuwa na majibu yake tayari. Simu ya mama ilionyesha kwamba Jumamosi saa moja jioni ilikuwa Noonkopir, na hapo ikakaa mpaka ilipozimika Jumapili adhuhuri. Basi mama alirudi Kitengela, na lililompata lilimpata hapa hapa. Jumapili nzima maofisa na wachungaji wa ng'ombe walikuwa wamepita kingo za mto na machimbo ya mawe, wakiita jina lake kwenye kila shimo lenye maji ya mvua.

Halafu kulikuwa na Roy. Roy alisema Jumamosi alikuwa kazini, kwenye ghala fulani la vipuri jijini. Muthama alipiga simu ghalani, akaambiwa Roy aliacha kazi Januari. Tena Jumapili jioni, akihojiwa, Roy alikuwa na unga mweupe nyuma ya sikio. Muthama aliuona akanyamaza. Baadaye akamwambia Naeku kwamba nyuma ya mjengo mmoja karibu na kwa mama huyo kuna shimo la chokaa, na kwamba asubuhi hii wamemleta kijana kituoni na atawaonyesha shimo hilo apende asipende.

"Nipe mpaka saa sita, afande," Naeku akasema.

"Ya nini?"

"Kuna kitu kwa hii karatasi ya simu hakinikalii vizuri."

Muthama alitazama saa yake, akasema saa sita kamili, wala si dakika moja zaidi, na akaongeza kwamba wakati wao wanasoma karatasi, mama wa watu labda yuko chini ya chokaa. Naeku alichukua faili, akatoka.

Kitu chenyewe kilikuwa hiki. Immaculate alimpigia mama yake Jumamosi saa tisa na dakika kumi mchana. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena saa kumi, saa kumi na mbili, saa mbili usiku. Jumla mara kumi na moja, na kila mara iliita, haikuzimwa. Immaculate mwenyewe alikuwa ameapa kwamba mama yake hushika simu yake kabla ya mlio wa pili, hata akiwa anapika. Kila mtu pale ofisini alishughulika na ile simu ilikuwa wapi saa moja jioni. Naeku alitaka kujua ilikuwa mkononi mwa nani saa tisa mchana.

Florence Nzembi, mwenyekiti wa akina mama, ana duka la chakula cha kuku kwenye barabara ya soko, hapo hapo Noonkopir. Alikuwa anapima mashi ya vifaranga Naeku alipoingia, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala. Akaanza kujitetea kabla ya salamu kuisha. Alisema yeye aliona magari yote mawili yamejaa. Alisema hangeweza kusimama pale barabarani ahesabu watu wazima kama mbuzi. Naeku alimwacha amalize, kisha akamuuliza swali lake moja: saa tisa, mchezo ukiendelea, simu ya Mama Nakhumicha ilikuwa wapi?

"Kwa kiondo," Nzembi akasema, kana kwamba hilo linajulikana.

"Kiondo gani?"

"Cha kanisa. Tukienda mahali pa heshima mimi hukusanya simu zote mlangoni, zikiwa zimezimwa sauti. Siku ya maziko ya askofu wetu simu ya mtu ilianza kucheza mugithi ya baa katikati ya maombi. Nilijiambia, hiyo aibu sirudii tena maishani."

"Na baadaye?"

"Si kila mtu alichukua yake? Nilikipitisha kwa gari letu, nikakipitisha kwa lile lingine, kikarudi." Nzembi akaweka kipimo chini. "Kilirudi kikiwa na makaratasi tu."

"Kiko wapi sasa?"

Kilikuwa kwenye msumari nyuma ya magunia, kama kilivyotundikwa Jumamosi jioni. Nzembi alikishusha mwenyewe. Ndani mlikuwa na thamosi, nusu pakiti ya biskuti, na rundo la karatasi za ratiba ya mchezo zenye picha za waigizaji. Naeku aliingiza mkono chini ya karatasi, akatoa simu ndogo ya kabambe, nyeusi, iliyofungwa mpira wa bluu, betri imekufa.

Nzembi aliitambua hata kabla haijatoka yote. Akakaa juu ya gunia, akaweka mikono kichwani, akasema Mungu wangu, Mungu wangu, nimemuua mama wa watu. Ilibidi Naeku ampe maji.

"Hii simu ndiyo ilirudi Kitengela," Naeku akasema. "Mwenyewe hakurudi."

Alimpigia Muthama hapo hapo. Akamweleza kwamba siku nzima ya jana wametafuta mahali ambapo mama huyo hakukanyaga, na kwamba jiji ndilo la kutafutwa. Muthama alimwomba arudie. Kisha akasema sawa, basi huyo kijana alimmalizia Nairobi, na ndiyo maana anadanganya kuhusu kazi. Ilikuwa saa nne na robo. Naeku aliomba jina la aliyekaa kando ya mama ukumbini, akachukua karatasi moja ya ratiba, akatoka.

Aliyekaa kando yake alikuwa Namunyak, anayeuza maziwa karibu na stendi. Mama Nakhumicha alikuwa na kiti cha kumi na nne, Namunyak cha kumi na tano, safu ya katikati. Walisalimiana na Naeku kwa Kimaa, wakaulizana habari za watoto na za mvua, maana huwezi kuruka hapo hata kama roho inakimbia, na ndipo Naeku akamuuliza ni lini jirani yake alitoka kwenye kiti.

"Hiyo hakuna mtu ameniuliza," Namunyak akasema. "Jana waliniuliza kama nilimwona huku Kitengela. Nikasema hapana."

"Mimi nakuuliza."

Namunyak alifunika mtungi wake kwanza. Alisema Mama Nakhumicha alifurahia mchezo sana mwanzoni, akicheka mpaka anapiga goti lake. Halafu, kama saa tisa na nusu hivi, akashika mkono wa Namunyak kwa nguvu, akavuta leso yake ya bluu ya kanisa ikafunika uso wote, akasema kwa sauti ya chini, "Siwezi kukaa hapa, siwezi," akainuka. Namunyak alifikiri ni tumbo. Baadaye taa zilipowaka na asimwone, alifikiri ametangulia kwa lile gari lingine.

"Alienda upande gani?"

"Nyuma. Alipanda juu, mpaka kwa lile pazia la mwisho."

"Mlango wa kutokea uko wapi?"

"Mbele, kando ya jukwaa." Namunyak akakunja uso. "Hata mimi nilishangaa. Lakini pengine aliona choo huko."

Naeku aliuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakujua kwa nini analiuliza. Wakati ule mama anafunika uso, jukwaani kulikuwa na nini?

Namunyak akacheka kidogo, kisha akaona haya kwa kucheka. "Ni yule kijana. Alikuwa anaoga kwa karai. Amevaa taulo peke yake, na watu wanamkimbiza nayo. Watu walicheka, wacha tu."

Naeku alirudi kwenye gari, akafunga mlango, akakunjua ile karatasi ya ratiba juu ya usukani. Waigizaji walikuwa saba. Wa tano aliandikwa Baraka Tausi, na chini ya jina ilisemwa kwamba anacheza mzee Kibogoyo mwenye mvi katika sehemu ya kwanza, na mwanawe wa mwisho katika sehemu ya pili. Picha ilikuwa ndogo, wino umetapakaa. Akatoa kwenye faili picha ya harusi ambayo Immaculate alileta, akaziweka pamoja. Nyusi zile zile, na kovu lile lile dogo linalokata unyusi wa kushoto: Baraka Tausi lilikuwa jina la Roy la jukwaani.

Hakuwa na haja ya kufikiri sana baada ya hapo. Mama yake mwenyewe, kule Isinya, hajawahi kula mbele ya mume wa dada yake Naeku. Mkwe akiingia kwa mlango wa mbele, yeye hutokea wa nyuma, na amefanya hivyo miaka kumi na minne bila kuona taabu. Sasa mchukue mama wa aina hiyo, mketishe kwenye kiti cha kumi na nne, halafu umwonyeshe mkwe wake na taulo mbele ya watu mia tatu. Angetoka. Lakini angetoka kwa mlango gani, kama mlango wa kutokea uko kando ya jukwaa alipo yeye huyo mkwe? Angepanda, apite popote pale ambapo macho yao hayatakutana.

Na unga ule nyuma ya sikio haukuwa chokaa. Ulikuwa mvi za Kibogoyo.

Swali lililobaki ndilo lililomfanya awashe gari kwa pupa mpaka likazimika. Alipanda, akaenda wapi? Saa tisa na nusu ya Jumamosi mpaka sasa ni zaidi ya saa arobaini na tatu.

Roy alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani kituoni, kijana mwembamba wa miaka thelathini na kitu, viganja katikati ya magoti. Immaculate alikuwa kando yake lakini si karibu. Muthama alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Naeku hakuketi.

"Roy, Jumamosi saa tisa na nusu ulikuwa umevaa nini?"

Roy alimtazama, kisha akamtazama mkewe, kisha sakafu.

"Taulo," akasema.

Immaculate akageuka. Muthama akafungua mdomo, Naeku akainua kiganja, na Inspekta, kwa mara ya kwanza tangu Naeku amfahamu, akaufunga.

Yakamtoka yote. Aliacha ghala Januari kwa sababu kikundi cha Koroneti kilimkubali. Hakumwambia mkewe, kwa kuwa kabla ya harusi mama mkwe alituma ujumbe kupitia wazee kwamba bintiye haolewi na mtu wa kuchekesha watu, na yeye aliwajibu wazee kwamba hayo ameacha. Jumamosi, akiwa kwenye karai, aliona leso za bluu safu za katikati. Aliona mtu mmoja anafunika kichwa na kukimbia. Kutembea kwake alikujua. Alimaliza ile sehemu hivyo hivyo.

"Na hukusema," Immaculate akamwambia. Hakupandisha sauti. "Mama yangu amepotea siku mbili na hukusema."

"Walisema simu iko Kitengela. Nikajua alirudi nyumbani, nikajua kilichompata kilimpata huku. Ningesema nini? Kwamba aliniona uchi?" Roy akafuta uso. "Nilikuwa natafuta na wao, Immaculate. Nimeingia mto huo mpaka kiunoni."

"Nyuma ya pazia la mwisho kuna nini?" Naeku akauliza.

Naeku akaona rangi ikimtoka Roy usoni polepole.

"Kuna mlango," akasema. "Wa kwenda ghorofa ya zamani. Watu hawakai huko siku hizi, mbao zimeliwa na mchwa. Sisi hupanda tukienda kufunga taa. Huo mlango hauna kishikio ndani. Ukijifunga, umefungiwa. Sisi huuzuia na tofali."

"Mchezo wa pili ni lini?"

"Jumamosi ijayo. Jumapili na katikati ya wiki hakuna mtu."

Naeku alikuwa ameshapiga simu. Mlinzi wa Koroneti alisema ukumbi ni mtupu, yeye mwenyewe aliuzunguka. Naeku akamwambia aende na hiyo simu mpaka pazia la mwisho. Walisikia viatu vyake, walisikia akipumua, walisikia pazia likivutwa. Akasema mlango umefungwa na tofali liko kando, limesukumwa. Akafungua. Akaita mara tatu. Kimya. Kisha akasema kuna kiatu hapa kwa ngazi, cha mama, cheusi, cha kamba, na huko juu ni giza na yeye hapandi, amekatazwa, kuna mtu alianguka huko zamani.

Immaculate alitoa sauti ndogo, akaziba mdomo.

Muthama aliwapigia polisi wa jijini na watu wa ambulensi, sauti ikiwa imebadilika kabisa. Naeku akamwashiria Roy gari. Walipitia Noonkopir dakika tano, Immaculate akatoa dawa kwenye friji akaifunga kwa taulo na barafu. Alipogundua ni taulo aliyoshika, alisimama akaitazama, kisha akaifunga vivyo hivyo.

Malori yalikuwa yamesimama kuanzia Athi River. Naeku aliwasha king'ora, akapita kwenye vumbi la kando, akatukanwa na kila dereva. Kila dakika kumi mlinzi alipigiwa, na kila mara alisema ameita, hakuna jibu. Walipofika Mlolongo, Immaculate akauliza bila kugeuza kichwa kama watu hucheka.

"Nini?" Roy akasema.

"Ukiwa huko jukwaani. Watu hucheka?"

"Sana."

Immaculate akaishika dawa mapajani mpaka wakafika.

Koroneti iko nyuma ya reli, jengo la mawe lenye nguzo nne na madirisha yaliyopigwa mbao. Ndani palinuka vumbi na popo. Naeku alipita mbio kando ya kiti cha kumi na nne, akaona karatasi ya ratiba imekunjwa juu yake. Nyuma ya pazia, chini ya ngazi, kulikuwa na muuguzi na machela, na askari wawili wa jijini. Mmoja alikuwa amekaa na suruali imekunjwa, damu mguuni. Alikuwa amepiga hatua nne kwenye sakafu ya juu, ubao ukammeza mpaka gotini. Walisema wameomba watu wa zimamoto walete ngazi ndefu, itachukua saa moja.

Naeku alipanda mpaka mwisho wa ngazi, akamulika. Sakafu ilikuwa pana, ya mbao, na mahali pengi ilikuwa mashimo tu. Maji ya mvua yalikuwa yakidondoka kutoka paani upande ule wa mbali. Na hapo, chini ya matone, kuna mtu ameketi ameegemea ukuta, leso ya bluu kichwani. Alikuwa amevuka gizani akitafuta mlango mwingine. Jinsi alivyofika bila kuanguka ni Mungu anajua.

"Mama Nakhumicha?"

Hakuna kitu. Naeku akaita tena, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. Leso ikasogea.

"Niko," sauti kavu, ndogo, ikasema.

Chini, Immaculate alianza kulia. Muuguzi akauliza mama amekula nini, amekunywa nini. Maji ya mvua, mama akajibu, kwa kiganja. Maneno yalikuja moja moja, na katikati ya jibu alisinzia. Muuguzi akamvuta Naeku mkono, akamwambia chini chini kwamba mgonjwa wa hivyo hangoji saa moja, akilala kabisa hataamka.

"Mbao za kubeba mtu ni zile ziko juu ya boriti," Roy akasema kutoka chini. Alikuwa amesimama ameelekea ukutani, amewapa mgongo wote. "Kuna boriti tatu. Mimi nazijua kwa miguu. Lakini siwezi, afande. Siwezi kwenda nikimwangalia, na siwezi kumshika. Ni mama mkwe wangu."

Askari aliyeumia mguu akauliza huu ni upuzi gani, mtu anakufa. Naeku akamwambia anyamaze, na akanyamaza. Upuzi haukuwa. Naeku alijua kwamba wakikutana uso kwa uso pale juu, mama yule anaweza kuinuka akimbie tena, na mahali pa kukimbilia palikuwa shimo.

"Hata ukienda kinyumenyume?" akamuuliza Roy.

Roy alifikiri. Naeku aliona vidole vyake vikihesabu hatua kwenye paja.

"Ukinimulikia miguu," akasema. "Na hii itabidi wazee wa kwao waitwe baadaye kuisafisha."

"Wataitwa. Panda."

Roy alipanda ngazi akitazama chini, akageuka pale mwisho, akasimama na mgongo kuelekea giza. Naeku akaita tena, polepole, ili kila neno lifike.

"Mama, kuna mtu anakuja kukubeba. Ni Roy."

Maji yakadondoka. Naeku alihesabu matone saba.

"Amevaa?" mama akauliza.

Naeku akamgeuzia Roy mwanga. Shati, koti, suruali. "Amevaa, mama."

"Vizuri?"

Roy akafunga kifungo cha shingoni, kisha akafunga na cha koti.

"Mpaka shingo," Naeku akasema.

"Basi aje. Asigeuke tu."

Akaenda. Kisigino kwanza, kidole baadaye, mikono imetandazwa, macho yamemkazia Naeku bila kumwona. Hatua ya sita ubao ulilia. Naeku alishika ukuta. Roy akasimama, akarudisha mguu, akaitafuta boriti kwa soli ya kiatu kama mtu anayepapasa kitanda gizani, akaipata. Kumi. Kumi na tatu. Kipande cha mbao kikaanguka mahali, na ikachukua muda kusikika kikigonga viti vya chini. Alipofika, alichutama bila kuambiwa. Mama Nakhumicha akaivuta leso mpaka kidevuni, akafunika kila kitu, ndipo akamwekea mikono mabegani.

Kurudi kulikuwa kwa mbele, na kulikuwa kubaya zaidi, maana sasa walikuwa wawili kwenye mbao zile zile. Naeku aliwamulikia miguu. Kisha akawashika mikono pale ngazini.

Muuguzi alipima damu, akaguna, akachukua dawa kwa Immaculate, akachoma. Wakamlaza mama kwenye machela, binti ameshika miguu yake miwili iliyo na kiatu kimoja. Roy alikuwa amerudi kwa ukuta wake, hatua mbili kutoka hapo, uso kwenye rangi iliyobanduka. Baada ya muda mama akasogeza leso kidogo, upande wa Naeku tu, akamwita kwa kidole.

"Mwambie mkwe wangu," akasema, "ule mchezo ulikuwa mzuri. Mpaka pale pa karai."

Naeku akamgeukia Roy, ambaye alikuwa amesikia kila neno, akamwambia kwamba mama anasema mchezo ulikuwa mzuri, mpaka pale pa karai. Roy alisikiliza mpaka mwisho. Mabega yake yalikuwa yanacheza, na Naeku hakuweza kujua kama ni kicheko au kilio.

"Mwambie nimeshukuru," Roy akauambia ukuta. "Na mwambie hiyo taulo tutaitoa mchezoni."

Naeku akageuka, akamwambia.